John Henry wa Red Sox na Liverpool: yanayosemwa na yalivyo

Dirisha la usajili likifungwa bila jina kubwa, mashabiki wa Liverpool huku kwetu humsuta mmiliki mkuu, John W. Henry, kabla ya kocha. Bahili, mtoto wa tajiri, hajui michezo. Ila wanaosema hivyo hawajatazama timu yake ya besiboli, Boston Red Sox, aliyoipata miaka minane kabla ya Liverpool.

Eti alirithi utajiri. Wazazi wake walikuwa wakulima wa soya. Alianza kwa kubashiri bei za mazao, na mwaka 1981 akafungua kampuni yake ya kununua na kuuza mikataba ya bidhaa kwa kufuata mwenendo wa bei. Hesabu ndizo ziliamua, hisia ziliwekwa kando.

Eti Red Sox ni yake peke yake. Waliinunua kundi zima mwaka 2002, akiwemo mtayarishaji wa vipindi vya televisheni Tom Werner, kwa takriban dola milioni 700 pamoja na madeni. Humo mlikuwa na uwanja wa Fenway Park na asilimia 80 ya NESN, televisheni ya michezo. Hiyo televisheni watu huisahau, wakati msimu mmoja una mechi 162 na klabu inavuna kwa kuzionyesha.

Eti takwimu zake ni kisingizio cha kutotoa hela. Hii ndiyo inayonikera zaidi. Ni kweli alimwajiri Bill James, bingwa wa takwimu za besiboli, na umeneja mkuu, yaani kazi ya kusaka wachezaji, ukaenda kwa Theo Epstein akiwa na miaka 28 tu. Lakini mwaka 2004 ni timu ya New York Yankees pekee iliyowazidi kwa mishahara. Kilichosakwa ni mchezaji ambaye soko limemshusha bei kuliko thamani yake. David Ortiz aliachwa na Minnesota Twins, Boston wakamchukua kwa dola milioni 1.25. Mwaka huo wa 2004 walikuwa nyuma kwa mechi 3-0 katika mfululizo wa mechi saba dhidi ya Yankees, wakashinda nne zilizofuata, Ortiz akiwa mchezaji bora wa mfululizo huo, kisha wakatwaa ubingwa wa kwanza tangu 1918.

Basi isisemwe kwamba hakosei. Februari 2020, Mookie Betts, nyota wa ubingwa wa 2018, alipelekwa Los Angeles Dodgers mkataba wake ukiwa umebakiza msimu mmoja. Mwaka huohuo Dodgers wakawa mabingwa, Betts akiwamo. Anayemwita Henry mkono wa birika kwa hilo, mimi simbishii.