Garryowen: mtaa, wimbo wa gwaride na teke la raga

Mtangazaji wa raga akisema mchezaji "amepiga garryowen", ana maana ya teke linalopigwa mpira ukiachiwa kutoka mkononi, likaupeleka juu sana na mbele kiasi tu, ili wenzake wapate muda wa kukimbia na kuufikia pale unapotua. Askari wa Rejimenti ya 7 ya Wapanda Farasi ya Marekani akitamka "Garryowen", anatoa salamu. Mpiga filimbi wa Ayalandi akilitaja jina hilohilo, anazungumzia jigi, yaani muziki wa kuchezea ngoma. Chimbuko la yote matatu ni mtaa mmoja wa mji wa Limerick.

Wengi huyaunganisha vibaya. Hudhani teke lilipewa jina la wimbo wa vita kwa kuwa linashambulia kutoka juu. Sivyo. Wimbo ulisambazwa na askari, teke likasambazwa na klabu ya raga, na vyote viwili havina udugu mwingine zaidi ya kutoka mtaa mmoja.

Limerick iko magharibi mwa Ayalandi, kwenye mto Shannon. Garryowen iko kando ya mji wa kale, karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana, na kwa Kiayalandi huitwa Garraí Eoin, bustani ya Yohana. Mwishoni mwa karne ya 18 ilikuwa na sifa ya vijana wa mjini waliokwenda huko kunywa na kufanya fujo. Wimbo wenyewe ni sifa za vijana hao: wanavunja madirisha na milango, wanawaangusha walinzi wa usiku watatu kwa wanne, wanakunywa bia badala ya maji ya chemchemi, na wanaapa kwamba hakuna mtu wa Garryowen atakayefungwa kwa ajili ya deni. Hakuna farasi wala bendera ndani yake. Ni wimbo wa walevi, na ulipendwa kiasi kwamba Beethoven aliuwekea muziki wa piano, fidla na selo alipokuwa akitengeneza nyimbo za Kiayalandi kwa agizo la George Thomson, mchapishaji wa Edinburgh.

Kwa nini basi jeshi likaupenda? Jibu liko kwenye mapigo. Jigi hii huhesabiwa sita kwa nane: kila kipimo kina mapigo madogo sita yaliyogawanywa katika makundi mawili ya matatu. Masikio ya mchezaji ngoma husikia yale matatumatatu yanayorukaruka. Miguu ya askari husikia mawili tu, kushoto na kulia. Kwa mwendo wa gwaride wa hatua 120 kwa dakika, kipimo kimoja huchukua sekunde moja kamili. Wimbo una sehemu mbili za vipimo vinane, kila moja ikirudiwa, kwa hiyo mzunguko mzima ni kama sekunde 32, kisha bendi inaanza upya bila pengo. Bendi ikiuharakisha kupita hapo, mapigo madogo hubanana, wapiga tarumbeta wanayameza, na kinachobaki ni kelele. Pwani yetu tunaijua safari ya upande wa pili: beni ilizaliwa kwa kuiga bendi za kijeshi, gwaride likageuzwa ngoma. Garryowen ni ngoma iliyogeuzwa gwaride.

Katika jeshi la Uingereza wimbo huu ulikuwa wa Royal Irish Regiment, iliyovunjwa mwaka 1922, na pia wa wapanda farasi wa 5th Royal Irish Lancers. Marekani uliingia pamoja na wahamiaji wa Kiayalandi. Rejimenti ya 69 ya New York, iliyojaa Waayalandi, inao hadi leo. Lakini umaarufu mkubwa umetokana na Rejimenti ya 7 ya Wapanda Farasi, iliyoundwa mwaka 1866 huko Fort Riley, Kansas. Mara nyingi anayetajwa kuuleta ni Kapteni Myles Keogh, Mwayalandi. Kamanda wa rejimenti uwanjani, George Custer, aliupenda akaufanya wa kudumu.

Tukio linalosimuliwa zaidi ni la alfajiri ya tarehe 27 Novemba 1868, kando ya mto Washita, katika eneo ambalo sasa ni Oklahoma. Custer aliamuru bendi ipige Garryowen kama ishara ya kuvamia kijiji cha Wacheyenne, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, cha chifu Black Kettle. Kulikuwa na theluji na baridi kali. Pumzi na mate ya wapigaji yaliganda ndani ya mabomba na vali za matarumbeta, na baada ya noti chache sauti ikakatika. Chombo cha shaba hutegemea vali zinazoteleza bila kukwama. Unyevu ukiganda ndani, vali hazishuki na hewa haipiti. Uvamizi uliendelea bila muziki. Black Kettle na mkewe waliuawa asubuhi hiyo. Anayesema Garryowen ni wimbo wa kuchangamsha hana budi kukumbuka kwamba Wacheyenne waliusikia wakiwa wamelala.

Mwaka 1876 bendi iliwasindikiza askari kwa wimbo huohuo, kisha ikabaki kwenye kambi ya akiba ya mto Powder, farasi wake wakichukuliwa na askari waliokuwa wanaendelea na safari. Kwa hiyo picha za kuchora zinazoonyesha matarumbeta ya bendi yakilia katika mapigano ya Little Bighorn dhidi ya Walakota na Wacheyenne, tarehe 25 Juni 1876, ni za kubuni. Bendi haikuwapo, na ndiyo sababu wanamuziki walinusurika huku Custer na Keogh wakifa. Mkuu wa bendi alikuwa Felix Vinatieri, mzaliwa wa Italia. Kilembwe wake, Adam Vinatieri, alikuja kuwa mpiga mateke aliyefunga pointi nyingi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya ligi ya kandanda ya Kimarekani, NFL. Ni sadfa tu, lakini kwa jina lililobeba bendi na teke kwa pamoja, ni sadfa nzuri. Leo jina limo kwenye nembo ya rejimenti, na wimbo ni wa Divisheni nzima ya 1 ya Wapanda Farasi.

Sasa teke. Garryowen Football Club ilianzishwa Limerick mwaka 1884. Jezi yake ni ya samawati hafifu yenye nyota nyeupe. Sehemu nyingi za Ayalandi raga ilikuwa mchezo wa shule za wenye uwezo, lakini Limerick ilichezwa na makuli wa bandarini na vibarua, na mchezo wao ulikuwa wa mafowadi: mvua, tope, mpira mzito, na watu wanane wanaokimbia kwa pamoja. Kwa timu ya namna hiyo, kuupitisha mpira mkono kwa mkono uwanja mzima ni kujitafutia makosa. Ilikuwa busara zaidi kuutupa juu kwa mguu, kumwacha mlinzi wa mwisho peke yake chini yake kama mtu anayengoja embe lianguke, na kufika naye kwa wakati mmoja. Klabu iliifanya mbinu hiyo mara nyingi hadi wapinzani wakaipa jina lake. Klabu imetwaa pia ligi ya Ayalandi nzima mara tatu, msimu wa 1991-92, 1993-94 na 2006-07. Na Munster, timu ya mkoa wenye Limerick, ilipowafunga New Zealand 12–0 katika uwanja wa Thomond Park tarehe 31 Oktoba 1978, ushindi wa kwanza wa timu ya Ayalandi dhidi yao, pointi 8 kati ya hizo 12 zilitoka kwenye mguu wa Tony Ward, mchezaji wa Garryowen.

Teke lenyewe ni hesabu ya muda. Mpira unaokaa angani sekunde 4 hupanda kwa 2 na kushuka kwa 2. Ukiacha upinzani wa hewa, hiyo ni karibu mita 20 kwenda juu. Sekunde 5 zinahitaji mita 30. Mkimbiaji mzuri anayeanza akiwa amesimama hufika mita 25 hadi 28 katika sekunde 4. Basi teke la sekunde 4 lazima litue mita 25 hivi kutoka kwa mpigaji. Likienda mita 40 kwa muda huohuo, mlinzi anaupokea akiwa na nafasi ya mita 12 au zaidi mbele yake, na umemkabidhi mpira bure. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote: mpigaji hufurahia urefu, wakimbiaji wanalipa.

Kwa kawaida anayepiga ni namba 10, mchezaji anayeongoza mashambulizi. Huushika mpira ukiwa umesimama wima au umeinama kidogo kumwelekea, huuachia badala ya kuurusha juu, kisha huupiga karibu na ncha ya chini kwa mfupa wa juu ya mguu. Mwili huegemea nyuma kidogo na mguu hupanda hadi usawa wa kifua. Mpira hupaa ukipinduka ncha kwa ncha. Akiuachia ukiwa umelala, utatoka chini na mbali. Akiuachia juu mno, upepo unausogeza kabla mguu haujaugusa. Mbele ya upepo mkali, teke zuri linaweza kurudi likatua mita 10 tu kutoka alipo, na hapo sheria inamgeukia.

Sheria ya kwanza ni kuotea. Aliye mbele ya mpigaji haruhusiwi kusonga mbele hadi mpigaji, au mwenzake aliyekuwa nyuma ya mpigaji, ampite. Aliye ndani ya mita 10 za mahali mpira unapotua lazima arudi nyuma mara moja. Kusimama tu akitazama hakumwokoi. Ndiyo maana teke fupi ni hatari: linaangukia katikati ya mafowadi wa timu yenyewe walioganda mbele ya mpira. Sheria ya pili ni ya mita 22, yaani eneo kati ya mstari wa goli la timu na mstari ulio mita 22 mbele yake. Mlinzi akiudaka mpira safi, moja kwa moja kutoka kwenye teke, akiwa ndani ya mita 22 zake, na akapaza sauti "mark", anapewa teke huru na hakuna wa kumgusa. Garryowen iliyopigwa vizuri hutua nje kidogo ya mstari huo.

Ya tatu ndiyo inayotoa kadi. Huwezi kumkumba mtu aliye angani. Mkimbiaji anayeruka akiwa na nafasi halisi ya kudaka anaweza kugongana na mlinzi bila adhabu, lakini aliyebaki chini akapita chini ya miguu ya mlinzi aliyeruka, na mlinzi huyo akaangukia kichwa au shingo, anatazamia kadi nyekundu. Makocha hufundisha mtu mmoja aruke, wawili wakae pembeni yake kuokota mpira uliopigwa kofi nyuma, na wengine waje katika mstari mmoja ili mlinzi akidaka asipate upenyo. Wote watatu wakiruka, hakuna anayeokota. Walinzi nao zamani walijipanga mbele ya mdakaji wao na kuwazuia wakimbiaji kwa ujanja; tangu Novemba 2024 waamuzi wameagizwa kuwaadhibu.

Kwenye raga ya wachezaji saba, inayofuatiliwa sana Kenya, utaiona mara chache, kwa sababu dakika ni 14 tu na kuutoa mpira mkononi ni gharama kubwa. Mbio zake lakini zipo kwenye kila teke la kuanzisha upya. Usiichanganye pia na teke la namba 9 anayepiga akiwa nyuma ya rundo la wachezaji, kando ya mstari wa pembeni: lengo ni lilelile, ila mpigaji ana nafasi finyu na mpira hupita juu ya vichwa vya mafowadi wake mwenyewe. Vijana wengi siku hizi huita teke lolote refu la juu "bomb", neno lililotoka Australia kwenye rugby league, aina nyingine ya raga. Ukiandika, teke huanza kwa herufi ndogo, garryowen. Klabu, wimbo na mtaa kwa herufi kubwa.