Shokapu "ngumu": neno moja, magonjwa manne

Wiki hii nimelisikia neno "ngumu" mara tatu. La tatu ndilo lililonikalisha chini niandike. Kijana mmoja alishusha baiskeli yake ya mlimani kwenye njia ya mizizi juu ya Marangu, akafika chini mgongo unamuuma na viganja vinawaka. Akaipeleka gereji, akaambiwa: "Shokapu yako ya nyuma ngumu, punguza upepo." Akapunguza. Siku ya pili ikagonga zaidi. Akapunguza tena. Alipofika kwangu alikuwa amekata tamaa: "Kaka, nisaidie, hii shokapu bado ngumu. Nitoe kiasi gani?"

Kabla sijamjibu nilitazama oringi, ile pete ndogo nyeusi ya mpira inayovaa kwenye shafti ya shokapu. Ilikuwa imesukumwa mpaka mwisho kabisa, na juu ya shafti kulikuwa na mstari wa vumbi jekundu unaoonyesha ilikofika. Shokapu yake haikuwa ngumu. Ilikuwa laini mno. Kila jiwe la maana lilikuwa linaifikisha ukutani, chuma kikikutana na kile kipande cha mpira cha mwisho, na ule ukuta ndio uliokuwa unampiga mgongoni.

Maana yenyewe ni fupi. Shokapu ya nyuma ni vitu viwili katika kifaa kimoja. Cha kwanza ni springi, ya koili au ya hewa, inayobeba uzito wako, inayopokea pigo, ikalitunza, kisha ikalirudisha. Cha pili ni upande wa mafuta: pistoni inapita ndani ya oili, oili inalazimika kupenya kwenye matundu madogo yaliyofunikwa na vyuma vyembamba kama karatasi, na mwendo unageuka kuwa joto. Shuka mlima mrefu bila kupumzika, kisha weka kidole kwenye kopo. Lile joto ndiyo kazi ya mafuta.

Tatizo langu ni jina. Gereji zetu zina shokapu, vitabu vina shokamzoba, na anayetaka Kiswahili fasaha husema kifyonza mshtuko. Zote zimebeba Kiingereza kilekile kinachodai kwamba kifaa hiki hunyonya pigo. Hakinyonyi. Anayepokea pigo ni springi. Kazi kuu ya mafuta si kulipokea. Yanamzuia springi asilirudishe pigo lote kwa mkupuo mmoja. Toa mafuta uache springi, baiskeli itadunda kama mpira. Toa springi uache mafuta, itakaa chini na isiinuke. Wanategemeana, lakini ni wawili.

Tazama historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mfaransa Truffault na Mmarekani Hartford walihusika na kifaa cha magari kilichokuwa mikono miwili ya chuma iliyounganishwa na visahani vilivyobanwa pamoja. Hakikuwa na springi wala oili ndani yake. Kilikuwa breki ya msuguano, imefungwa kando ya springi ili ikiruka isiendelee kuruka. Malori yenye springi za vyuma bapa vilivyolaliana yalipata sehemu ya breki hiyo bure, kwa sababu vyuma vile husuguana vinapojipinda. Basi tangu awali kazi ilikuwa kumtuliza springi.

Lugha nyingine zimekaribia ukweli zaidi. Uingereza wahandisi hupenda kukiita damper, neno lenye asili ya Kijerumani cha kaskazini lililomaanisha mvuke au moshi, likaja kuwa kitenzi cha kufifisha, kama unavyofunika moto ukapungua. Wajerumani wanasema Stoßdämpfer, kififisha pigo. Waliopata magari yao kupitia Kifaransa, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wana amortisseur, na ndani ya neno hilo kuna kifo: kitenzi chake ni kufisha. Kifisha mwendo. Ningepewa ruhusa ya kuchagua, ningechagua hilo, maana fundi anayelisikia hawezi kudhani linazungumzia springi.

Sisi tuna jina moja la vitu viwili, kisha tunaliongezea sifa moja ya kila maumivu: ngumu. Daladala iliyochoka ikipita kwenye tuta na kuendelea kuyumba mita ishirini, abiria atasema shokapu ngumu. Ile si ngumu hata kidogo. Mafuta yamekwisha au yamevuja, na springi iko huru. Sukuma kona ya gari kwa nguvu kisha achia: ikipanda na kushuka mara tatu, nne, umepata jibu.

Kinachonisikitisha ni kwamba Kiswahili kina maneno mazuri kwa jambo hili, na kila mtu anayajua. Shokapu inaweza kugonga. Inaweza kudunda. Inaweza kukaba. Inaweza kunata. Kila kitenzi kina dawa yake, na baadhi ya dawa hizo ni kinyume kabisa cha nyingine.

Kugonga ndiko kulikomleta kijana wa Marangu. Shokapu yake ina safari, yaani umbali inaoweza kujikunja, ya milimita 55. Nilimsimamisha juu ya pedali na mkoba wake wa maji mgongoni, nikasogeza oringi mpaka kwenye sili, ule mpira unaozuia hewa isivuje, akashuka taratibu bila kuruka. Oringi ilikuwa imesogea milimita 24. Hiyo ni zaidi ya asilimia 43 ya safari yote, na hajagusa hata kokoto. Baiskeli nyingi za njia za milimani hutaka mzamo, ule umbali shokapu inaozama kwa uzito wako tu, wa asilimia 25 hadi 30, yaani kwake milimita 14 hadi 16 na nusu. Springi ya hewa hukaza kadiri inavyokunjwa, na robo ya mwisho hukaza kwa ghafla. Mtu anayeanzia karibu na nusu anaendesha kwenye sehemu iliyokaza ya springi muda wote, halafu anafika mwisho. Nilimwongezea upepo kidogo kidogo, nikiibonyeza shokapu taratibu mara kumi hivi kila nilipojaza. Hatua hiyo huachwa sana, na si ya mapambo: ndani kuna chemba ya pili ya hewa inayosukuma upande wa pili, na hewa huvuka kuingia humo shokapu inapopita sehemu fulani ya safari. Usipoibonyeza, chemba hiyo hubaki na upepo mdogo, na mwanzo wa safari unakuwa mzito bila sababu.

Kukaba ni ugonjwa tofauti, nao ndio unaodanganya wengi. Shokapu inapokea mzizi wa kwanza vizuri, lakini kinobu chekundu, kile cha kudhibiti kasi ya kurudi, kimefungwa sana. Mzizi wa pili unafika kabla haijarudi. Wa tatu unaikuta chini zaidi. Kufikia wa tano haina safari iliyobaki, na mwendeshaji anahisi amekalia mbao. Hapa kupunguza upepo kunaharibu zaidi, kwa sababu springi dhaifu hurudi polepole zaidi. Fungua kinobu chekundu kliki mbili, rudia njia ileile kwa kasi ileile, kisha kliki nyingine. Ukifungua kupita kiasi utahamia kwenye kudunda: tako linarushwa baada ya kila jiwe, nawe utajua bila kuambiwa.

Kinobu cha bluu kinazuia kujikunja. Hapo ndipo neno ngumu lina haki yake, hasa kama umesahau mkono wa kupandia mlima, ule unaofunga shokapu isijikunje, umefungwa. Nimewahi kumfungulia mtu mkono huo tukamaliza kazi.

Kunata ni kwa baiskeli iliyokaa kwenye vumbi. Sili imekauka, bushi imebana au beringi ya kwenye fremu imeshika kutu, kwa hiyo mawe madogo hayapiti kabisa ilhali makubwa yanapita vizuri. Toa bolti moja ya shokapu, inua mkono wa nyuma wa fremu kwa kidole. Usiposogea kwa ulaini, tatizo haliko kwenye shokapu. Ukisogea vizuri, tazama chemba ya hewa. Watengenezaji wa shokapu RockShox, kwa mfano, hushauri ifunguliwe, isafishwe na kupakwa mafuta upya kila saa 50 za kuendesha. Kwenye vumbi letu la kiangazi sioni sababu ya kungoja hizo saa zote.

Jambo moja ambalo fundi wa kawaida asiguse: baadhi ya shokapu zina valvu ndogo ya pili, ya nitrojeni. Hewa ile si springi yako. Iko nyuma ya pistoni inayoelea, inakandamiza oili isitoe povu, na ni kazi ya miaka ya 1950 ya Mfaransa de Carbon kwenye magari. Nimeona imetolewa kwa sindano kwa nia ya "kulainisha". Shokapu ililainika kweli, kisha ikaanza kulia kama mswaki mdomoni, kwa maana oili ilikuwa imechanganyika na mapovu.

Na kabla ya yote, bana tairi. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi pana za mlimani zilizojazwa PSI 40, upepo mwingi mno kwake, atalalamikia shokapu mpaka mwisho wa dunia.

Fundi aliyemwambia kijana apunguze upepo simlaumu. Alipewa neno "ngumu", akatoa dawa ya ugumu. Angeulizwa kwa neno jingine angetazama oringi kama nilivyotazama mimi. Kwa hiyo ukifika gereji, mweleze shokapu inafanya nini na lini: inagonga kwenye jiwe kubwa, inakaba kwenye mizizi mfululizo, inanata mwanzoni, inadunda baada ya tuta.

Jumamosi kijana alirudi. Mzamo ulikuwa milimita 16, mgongo umepona. Alisimama mlangoni kidogo akitafuta neno, akasema: "Kaka, haigongi tena. Ila mwanzoni inanata." Nikachukua spana nikafungua chemba. Sili ilikuwa kavu kabisa.