Stata ikilia "ta", usikimbilie kununua betri

Gari la miaka ya 80 au 90 likigoma kuwaka, stata (mota inayozungusha injini ili iwake) ikalia "ta" mara moja na taa za dashibodi zikafifia, pima betri kwanza. Ikilala usiku kucha na kusoma volti 12.6, imejaa. Ikisoma 12.0, ichaji kabla ya kuendelea, la sivyo vipimo vingine vitakudanganya.

Betri ikiwa nzima, mimi huenda moja kwa moja kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia kebo na chuma cha gari. Usiipime kwa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme). Kebo iliyobakiwa na nyuzi tatu nayo husoma sifuri, kwa sababu mita hupitisha umeme kidogo mno, ilhali stata huvuta ampea 150 na zaidi. Omu 0.01 tu zinatosha kumeza volti 1.5 hapo.

Pima volti huku stata ikipigwa. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, na kwa injini ya petroli chomoa waya mdogo wa chanya wa koili ya cheche ili isiwake. Ncha nyeusi ya mita ikandamize juu ya kichwa chenyewe cha hasi cha betri, si kwenye temino inayokibana; nyekundu iguse chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige stata sekunde tatu. Mita isizidi volti 0.2. Ikisoma 0.9, rudisha nyekundu hatua kwa hatua kuelekea betri: boliti ya kebo, kijicho chake (pete ya mwisho wa kebo), temino. Volti zinaposhuka ghafla, ubovu uko kati ya hapo na ulipotoka.

Kebo ya akseleta ikipata moto wakati wa kupiga stata, usihangaike kupima: ethi ya injini imekatika, umeme umejitafutia njia kupitia kebo hiyo.

Taa za nyuma nazo ni hivyohivyo. Ukikanyaga breki na indiketa ikafifia, ethi ya kishikio cha balbu imeliwa na kutu.

Kutengeneza: fungua hasi ya betri kwanza, kwangua kutu na rangi chini ya kijicho mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Kebo yenye unga wa kijani ndani ya plastiki tupa tu. Kisha rudia kipimo kilekile, kikizidi 0.2 bado, ongeza kebo mpya ya milimita mraba 25 kutoka injini hadi chesisi.