Inzi wa mchangani: maswali kutoka Mtwara na Lindi

Swali: Je, vijidudu vinavyotuuma jioni ufukweni Mikindani ndio inzi wa mchangani wanaoeneza kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaovimbisha bandama?

Kwa kawaida sio. Wanaouma magharibi karibu na mikoko ni vijidudu vya jamii ya *Culicoides*, ambavyo mabuu yake hukulia kwenye tope la pwani. Huwasha sana, lakini havienezi kala-azar. Inzi wa mchangani ni mdudu mwenye manyoya, urefu wake ni milimita 2 hadi 3 tu, huruka kwa kudundadunda bila mlio, na akitua huinua mabawa yake mfano wa herufi V. Hazaliani majini kama mbu, bali kwenye udongo wenye unyevunyevu na uchafu wa mimea au samadi: ndani ya vichuguu, mashimo ya wanyama, nyufa za kuta na mazizi.

Swali: Je, wote ni hatari?

Hapana. Kati ya spishi zipatazo 1,000 zinazojulikana, zisizofika 100 ndizo zinazohusishwa na kueneza leishmania (vimelea vinavyosababisha kala-azar na vidonda vya ngozi), na hata kwa hizo wanaouma ni majike tu, kwa kuwa huhitaji damu ili mayai yao yakomae. Kila spishi ina makazi yake. *Phlebotomus martini* hupatikana kwenye vichuguu vya maeneo makavu ya Kenya, kama Baringo. *Phlebotomus orientalis* hupenda misitu ya migunga yenye udongo mweusi wa mfinyanzi huko Sudan, Sudan Kusini na Ethiopia. Hao wawili hueneza kala-azar. *Phlebotomus duboscqi* hueneza leishmania ya ngozi, yenye vidonda visivyopona upesi. Kundi la *Sergentomyia* zaidi huuma mijusi na jamaa zake.

Swali: Kama kala-azar si ugonjwa wa huku kwetu, inatuhusu nini?

Inatuhusu kwa sababu watu husafiri. Mkoani Lindi au Mtwara, mtu akipata homa, jambo la kwanza ni kupima malaria, na hilo ni sahihi kabisa. Hata hivyo, ikiwa dereva wa lori au mfanyabiashara aliyewahi kulala maeneo niliyoyataja ana homa iliyozidi wiki 2, anakonda, amepungukiwa damu na bandama yake imevimba, huku vipimo vya malaria havionyeshi kitu, ni lazima amweleze daktari alikopita, hata kama ni miezi kadhaa iliyopita, maana dalili huchelewa kujitokeza. Kumeza dawa mseto mara kwa mara kwa kubahatisha ni kupoteza muda, na kala-azar isiyotibiwa huua zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Matibabu yapo: Afrika Mashariki hutumika zaidi mchanganyiko wa sindano za aina mbili kwa siku 17.

Swali: Chandarua kinamzuia inzi wa mchangani?

Kiwe na dawa. Mdudu huyu ni mdogo kiasi cha kupenya matundu ya chandarua cha kawaida kisicho na dawa. Anayesafiri maeneo hayo asilale nje karibu na vichuguu, na avae nguo ndefu kuanzia machweo.