Na yule dereva je?

Hundi ilipotoka, mteja wangu, mama muuza mboga, aliikunja mara mbili akaitia kwenye mkoba, kisha akaniuliza: "Wakili, na yule dereva je?" Mama huyo aligongwa na matatu akivuka Jogoo Road, Nairobi. Fidia ililetwa na kampuni ya bima. Dereva hata mahakamani hakufika. "Basi yeye amelipa nini?"

Sikuwa na jibu, na hilo ndilo swali gumu kuliko yote katika sheria ya madhara, ile inayomruhusu aliyeumizwa kumdai aliyemuumiza bila kungoja mwendesha mashtaka. Ukimvunja mtu mguu kwa uzembe, deni liko kati yenu wawili. Mwaka 1932, katika kesi iliyotoka Uskoti ya mwanamke aliyekunywa soda ya tangawizi yenye konokono chupani (ilidaiwa tu, konokono huyo hakuwahi kuthibitishwa), jaji Lord Atkin aliazima swali la mwanasheria katika Injili ya Luka: jirani yangu ni nani? Akajibu kwamba ni yule ambaye tendo lako laweza kumdhuru kwa ukaribu, kiasi kwamba ulipaswa kumfikiria kabla ya kulitenda. Kila ninapomshtaki mwenye matatu katika mahakama za Milimani, ninasimama juu ya jibu hilo.

Wanamageuzi, wanaotaka aliyeumia alipwe na mfuko badala ya kwenda mahakamani, wana hoja yao, nami siidharau. Kesi huchelewa, na mawakili, mimi mmojawapo, hula sehemu yetu. New Zealand ilikata mzizi: tangu Aprili 1974 aliyeumia katika ajali hulipwa na mfuko wa taifa bila kuulizwa nani alikosea, na kwa kawaida hawezi kushtaki.

Sisi Wakenya tulifanya jambo kama hilo kwa ajali za kazini. Chini ya sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya majeraha kazini, mfanyakazi hahitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri, ila naye amenyang'anywa haki ya kumshtaki. Mahakama ya Juu iliidhinisha hilo mwaka 2019. Kwa kibarua wa mjengo asiye na shahidi, ni nafuu kubwa. Lakini piga hesabu: ulemavu kamili wa kudumu ni mshahara wa miezi 96. Kijana wa miaka 22 anayeanguka kutoka ghorofa ya tano analipwa miaka minane, tena kwa mshahara wa mjengo. Na mwajiri aliyekataa kununua mikanda ya usalama hulipiwa na bima sawa na yule aliyeinunua.

Barabarani Bunge lilijaribu mwaka 2013 kuweka jedwali, kila jeraha na kiwango chake. Chama cha Mawakili kilipinga, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikalifuta. Nilifurahi, nikiri, na si kwa sababu ya ada peke yake: kidole cha fundi cherehani si kidole changu. Kilichobaki ni kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kampuni ya bima. Hukumu ikizidi hapo, salio unamfuata nalo mwenye gari, ambaye mara nyingi gari lenyewe bado analilipia mkopo.

Fidia ya yule mama haikufika kikomo hicho, kwa hiyo mwenye matatu hakuguswa mfukoni. Mwezi uliopita nililipanda lile gari pasipo kujua, nikaitambua namba yake nikishuka. Dereva alikuwa mwingine.