Italiki si herufi iliyolazwa

Kwenye steshenari za Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma, mteja anayetaka jina la bibi harusi liandikwe kwa italiki husema, "Lilaze kidogo." Kitufe cha I cha kwenye programu ya kuandikia kinabonyezwa, jina linainama, kadi inachapwa. Wakati mwingine kilichotoka ni italiki. Mara nyingi sicho.

Italiki ni herufi iliyochorwa kwa kufuata mwandiko wa mkono: nyembamba, yenye mikunjo laini, na kwa kawaida imeinama. Watu wameshika hilo la mwisho, wakaacha mengine.

Kiswahili chenyewe kimechangia. Tunaziita herufi za mlazo, kutokana na kulaza, na jina hilo linakupa picha ya kitu kilichokuwa wima kikaangushwa. Waitalia wenyewe huziita *corsivo*, neno lenye asili ya kukimbia, kwa sababu ni mwandiko wa kalamu inayokwenda mbio. Jina la Italia zilipewa na wageni. Wasomi wa huko waliandika hivyo katika karne ya 15, kisha Francesco Griffo akauchonga mwandiko huo uwe herufi za chapa kwa ajili ya Aldus Manutius, mchapaji wa Venice. Mwaka 1501 kikatoka kitabu kizima cha mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kwa herufi hizo, na ndani yake herufi kubwa zote zimesimama wima! Ndogo tu ndizo zilizokimbia. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mwinamo haukuwa roho ya italiki. Roho yake ni umbo.

Umbo hilo linapimika. Chukua fonti yenye serifu, vile vikia vya kwenye ncha za herufi, mfano Times New Roman au Garamond. Andika "furaha", kisha bonyeza I. Herufi a inatakiwa kupoteza kikofia chake cha juu, ibaki duara moja na mkia kama a ya daftari la mwanafunzi. Herufi f nayo inashuka chini ya mstari. Ikiwa a bado ina kikofia, faili la italiki la fonti hiyo halimo kwenye kompyuta, na programu imeinamisha herufi wima kwa nguvu. Hapo o hunenepa pembeni pasipostahili, na nafasi kati ya herufi hubaki pana kwa sababu zilipimwa kwa herufi wima. Kiswahili kimejaa a, basi kasoro hiyo hurudi karibu kila neno. (Arial usiipime hivi, haina serifu, na italiki yake ilibuniwa ikiwa na a ileile ya wima.)

Kazi ya italiki ni kutenga neno bila kupiga kelele: jina la kitabu, neno la kigeni, jina la kisayansi kama *Stolothrissa tanganicae* la dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika au *Lates stappersii* la mgebuka. Kwa meli, huandikwa MV *Liemba*, na MV inabaki wima. Aya nzima ya italiki ndogo huchosha macho, na ikitolewa fotokopi mistari yake myembamba hukatika.

Basi mteja akisema "lilaze", fungua kwanza orodha ya fonti uone kama italiki yake ipo. Kama haipo, acha jina la bibi harusi lisimame, ulikuze tu kidogo.