"Simtaki Huyu, Nileteeni Mwengine": Dhana Potofu na Ukweli kwa Wenye Mikahawa Zanzibar

Mgeni kakaa mezani, Paje au Nungwi, anamwita supavaiza na kusema hamtaki mhudumu aliyevaa hijabu. Siku nyengine ni mwenyeji wa hapahapa, hataki kuletewa chakula na "mtu wa bara". Mara nyingi meneja humbadilisha mhudumu kimyakimya, kazi ikaendelea. Ukimuuliza kwa nini, atakupa mojawapo ya sababu hizi.

Dhana: Mteja ni mfalme.

Mteja ana haki ya chakula safi, bei ya haki na lugha nzuri. Kuamua nani afanye kazi na nani akae pembeni hakumo kwenye bili. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, inakataza ubaguzi kazini, na anayebanwa nayo ni mwajiri. Meneja akimwondoa binti wa watu mezani kwa sababu ya mtandio wake, uamuzi huo ni wa mkahawa, hata kama aliyeuomba ni mgeni ambaye kesho anapanda ndege.

Dhana: Huko kwao ndivyo wanavyofanya.

Sivyo. Marekani, mwaka 1971, shirika la ndege la Pan Am lilijitetea mahakamani kwamba linaajiri wanawake tu kuhudumia abiria kwa sababu abiria ndio wanaowapenda. Mahakama ya rufaa iliikataa hoja hiyo. Ufaransa, mhandisi Mwislamu alifukuzwa baada ya mteja wa kampuni kulalamikia hijabu yake. Tarehe 14 Machi 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema matakwa ya mteja wa namna hiyo si sharti la kweli la kazi. Siku hiyohiyo, katika kesi nyengine, iliacha nafasi kwa kampuni yenye kanuni inayowazuia wafanyakazi wote kuvaa alama za imani, lakini hilo ni jambo jengine. Mgeni hawezi kudai Paje kitu ambacho mahakama za kwao zimekikataa.

Dhana: Kumbadilisha mhudumu ni busara, hakuna aliyeumia.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Mhudumu amepoteza bahashishi ya meza ile, na wenzake wameona. Kesho supavaiza, kwa kuogopa usumbufu, atampanga nyuma. Baada ya muda utamkuta anaosha vyombo, na hakuna aliyewahi kumwambia kakosa nini.

Meneja aende mwenyewe mezani, bila ya kupandisha sauti: "Huyu ndiye mhudumu wa meza hii, na tunamwamini. Mkiwa tayari, atachukua oda yenu." Basi, asiongeze hotuba. Wengi hunyamaza wakala. Anayeendelea kutukana aombwe kuondoka. Kisha mhudumu aulizwe faraghani: unataka kuendelea na meza ile? Akisema hapana, abadilishwe kwa hiari yake na fungu lake la bahashishi asilipoteze. Tukio liandikwe kwenye daftari siku hiyohiyo.

Dhana: Basi kila ombi la mteja ni ubaguzi.

Hapana. Anayeuliza kama nyama ni halali, mama anayetaka meza ya pembeni apate kunyonyesha, mwenye kiti cha magurudumu asiyeweza ngazi: hao wanasema haja zao, na wahudumiwe kwa moyo mkunjufu. Tatizo linaanza pale ombi linapomkataa mtu kwa rangi, dini, jinsia au kwao.

Dhana: Wabaguzi ni wageni tu.

Natamani ingekuwa kweli. Familia imetoka Wete, kisiwani Pemba, imevaa vizuri, pesa inayo, inaambiwa meza zote za upande wa bahari zimeshachukuliwa. Dakika kumi baadaye watalii wawili wasio na miadi wanakalishwa palepale. Hapo hakuna mteja aliyeomba lolote. Mkahawa umebagua wenyewe, na anayetumwa kuisema ile kauli ni kijana wa mlangoni ambaye huenda naye kwao ni Wete. Meza ikiwa imechukuliwa kweli, jina la aliyeichukua na saa yake viwepo kwenye daftari, na anayeuliza aonyeshwe.